Jani Likauke Kabla ya Saa 3: Nilivyojifunza Kutunza Miwaridi Pwani

Ukitaka kujua mwaridi wako utaishi vipi hapa pwani, usianze kwa kutazama ua. Toka alfajiri ukishasali, upapase majani kwa kiganja. Utayakuta yamelowa hata kama mvua haikunyesha, kwa sababu umande wetu ni mzito. Rudi saa 2, papasa tena. Rudi saa 3. Jani ambalo saa 3 bado lina maji ndilo utakalolikuta chini wiki mbili zijazo.

Jambo hilo limenichukua miaka mitatu kulielewa, na ndani ya miaka hiyo nimezika miwaridi mingi. Naliandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amesimama mbele ya mwaridi uliobaki vijiti, anajiuliza amekosa nini.

Nakaa Unguja, upande wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Kwetu waridi lina kazi zake. Mama alikuwa akiyachuma mapema, anachambua petali, anazichanganya na asumini na mrehani kwenye sinia kwa ajili ya maulidi, na wageni wakiingia wananyunyiziwa marashi kwa mrashi wa fedha alioachiwa na bibi yangu. Marashi yenyewe ya mawaridi yalikuwa yakitoka Omani. Ndiyo maana nilipojenga, kitu cha kwanza kupanda kilikuwa miwaridi 6, kabla hata ya mchaichai.

Niliinunua kwa muuzaji wa miche aliyekuwa ameileta kutoka bara. Ilikuja ina maua makubwa mekundu, majani yanang'aa. Nikaipanda uani, mstari mmoja kando ya ukuta, karibu karibu, ipate kivuli cha mchana. Kila jioni nikirudi kazini nilikuwa nachukua mpira na kuimwagilia kuanzia juu, majani yote yalowe, nikiona raha vile yanavyometameta. Masika ya kwanza yalipofika nusu, hapakuwa na jani. Mwaka wa pili nikapanda mingine na kununua dawa. Ikawa vilevile.

Ugonjwa wenyewe ni madoa meusi. Chukua jani lililougua, liinue dhidi ya mwanga. Utaona doa la mviringo, kubwa kama punje ya choroko au zaidi, na ukingo wake haukunyooka, umetawanyika kama tone la wino lililoangukia kanzu. Pembeni ya doa jani linageuka manjano. Ligusie kikonyo kwa ncha ya kidole, linaachia lenyewe. Huanzia majani ya chini, yale yaliyo karibu na udongo, kisha hupanda juu ghorofa kwa ghorofa mpaka mti unabaki na kishungi cha majani kileleni.

Hiyo ni kuvu, na vijimbegu vyake husafirishwa hasa na matone ya maji. Tone linapiga jani lililooza chini, linaruka, linatua kwenye jani zima. Kikishatua hapo, kijimbegu kinahitaji jani likae limelowa kama saa 7 mfululizo ndipo kipenye. Jani likikauka kabla ya hapo, hakiingii. Kikipenya, doa linaweza kuchukua siku chache hadi wiki mbili kuonekana, ndiyo maana mtu haunganishi alichokifanya Jumatatu na anachokiona wiki ya pili yake.

Sasa piga hesabu yangu. Nilikuwa namwagilia saa 12 jioni. Uani mwangu, nyuma ya ukuta, jua lilikuwa haliingii mpaka karibu saa 4 asubuhi. Kutoka saa 12 jioni mpaka saa 4 asubuhi ni saa 16. Ugonjwa unataka saa 7, mimi nilikuwa naupa zaidi ya mara mbili yake, kila siku ya Mungu, kwa mkono wangu. Hakuna dawa ya dukani inayoweza kushindana na hilo.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa mtaa wa pili. Mwaridi wake umesimama kwenye kona ya nyumba, pembeni mwa njia, maua yake madogo ya pinki, petali chache, na hukosi kuukuta na ua mwezi wowote utakaopita. Nikabisha hodi. "Shikamoo bibi. Nimekuja kuuliza, mwaridi wako unautia nini?" Akatoka mpaka barazani. "Marahaba mwanangu. Siutii kitu. Hapo unapigwa na upepo, na jua la asubuhi lote lake." Akanikatia vijiti vitatu, nikavifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku ile nilirudi nyumbani nikakaa uani nikitazama ukuta wangu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni mahali. Panda upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi liguse majani mapema, na mwaridi upate jua kwa muda wa saa 6 kila siku. Kivuli cha alasiri hakiudhuru, kivuli cha asubuhi ndicho kinachouua. Acha nafasi ya mita moja baina ya mti na mti, na usiuegemeze kwenye ukuta. Najua wengi wetu tunaishi ndani ya kuta. Kama ndivyo, panda kwenye vyombo na uviweke barazani au juu ya dari ya zege, kokote upepo unakopita. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini matundu manane inatosha mwaridi mmoja, na ikiwa nyeupe ni bora zaidi, kwa sababu kiriba cheusi kikipigwa na jua la kaskazi kinapika mizizi.

Ushauri wa pili, na hapa nataka kukaa kidogo, ni aina ya mwaridi. Yale maua makubwa yenye bua refu yanayouzwa mjini hutoka Arusha au Naivasha. Naivasha iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na maua yenyewe hukuzwa ndani ya nyumba za plastiki ambako mvua haiyagusi. Mwaridi uliozalishwa kwa maisha hayo ukiuleta Bububu au Kisauni unaupa mtihani usiouweza. Tena maua yale yana petali nyingi mno. Hewa ikiwa na maji, petali za nje zinagandana, tumba linashindwa kufunguka, linabaki kama kidonge cha kahawia kilicholainika, ukikibonyeza kinatoa maji. Nimewaona watu wakidhani ni mdudu. Ni petali tu zimeshikana na kuanza kuoza. Waridi la petali chache hukauka upesi na hufunguka.

Na waridi la marashi lile la Omani pia usihangaike nalo. Shangazi yangu anayekaa Muscat aliwahi kuniahidi mche, na nilikuwa na hamu nao kwa ajili ya mama. Lakini waridi hilo hulimwa Jabal Akhdar, kwenye matuta yaliyo kiasi cha mita 2,000 juu, na huchanua mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei hivi, baada ya kupata baridi ya kutosha. Hata Muscat kwenyewe, chini pwani, si mahali pake. Shangazi alinieleza hayo kwa simu, sauti yake ina huruma, akaniletea chupa ya marashi badala ya mche.

Yanayoziweza pwani zenye joto na unyevu ni mawaridi ya kale yenye asili ya China, yale ya vichaka vyenye matawi membamba na maua madogo au ya wastani. Yaliingia Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, na ndiyo yaliyoyapa mawaridi ya kisasa tabia ya kuchanua mara kwa mara badala ya mara moja kwa mwaka. Kisiwa cha Bermuda, ambacho nacho kina unyevu na chumvi ya bahari kama sisi, kinasifika kwa mawaridi ya ukoo huu, mengine hata majina yake yamepotea. Naamini la yule bibi ni la ukoo huohuo. Kwa wenzetu mlioko Houston au Florida, ambako hewa ni nzito kama yetu, upo pia mwaridi uitwao Knock Out, uliozalishwa na William Radler na kuanza kuuzwa Marekani mwaka 2000, ambao sifa yake kubwa ni kuhimili madoa meusi. Sisi huku njia yetu ni fupi: tembea mtaani kwenu, tafuta mwaridi mkongwe ambao hakuna anayeutunza na bado una maua, uombe kijiti. Mti uliopita masika 20 bila dawa umeshakujibu swali lako.

Udongo. Unguja tuna bahati ya kinongo, ule udongo mwekundu unaoshika maji bila kutuama. Ukiupata, changanya debe mbili za kinongo na debe moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Ukiwa sehemu za maweni, kwenye mawe ya matumbawe, tahadhari. Mawe hayo ni chokaa, na mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa unashindwa kuchukua madini ya chuma: majani machanga yanageuka manjano huku vishipa vyake vimebaki kijani. Watu huongeza mbolea, na mti unazidi kudhoofika. Tiba yake ni kupanda kwenye chombo au kwenye tuta lililoinuliwa lenye udongo wa kuletwa. Na onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi ulimini, kusanya ya mvua kwa ajili ya miwaridi.

Kosa langu jingine lilikuwa makumbi. Nilitaka matandazo, nikachukua makumbi yaliyobaki kwa watu wanaosokota kamba, nikayatandaza shinani. Ndani ya wiki tatu ncha za majani zikaungua kama zimepitishwa kwenye moto. Makumbi yale yalikuwa yamefukiwa ufukweni miezi kadhaa, yamejaa chumvi ya bahari. Siku hizi natumia makumbi makavu kutoka kwa wauza madafu na nazi, nayaloweka kwenye maji baridi siku mbili, namwaga maji, narudia. Baada ya hapo ni matandazo mazuri kuliko yote ninayoyajua. Tandaza unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Faida yake kubwa wakati wa masika ni kwamba tone la mvua linapiga kumbi badala ya kupiga udongo wenye ugonjwa, kwa hiyo halirukii majani.

Kumwagilia: asubuhi, shinani, kwa kopo au kwa mpira uliolazwa chini. Mti uliokomaa unatosheka na lita 10 mara mbili kwa wiki, mara tatu wakati wa kaskazi. Ulio kwenye ndoo unataka kila siku kukiwa na joto, lakini choma kidole kwenye udongo kwanza. Siku nikichelewa asubuhi, siku hizi naacha mpaka kesho yake. Mwaridi wenye kiu jioni utaamka, uliolala umelowa ndio utakaougua.

Okota majani yaliyoanguka. Kila siku kama unaweza, na yale yenye madoa yaliyo bado mtini yachume pia. Yachome moto au yatupe mbali, usiyaingize kwenye shimo la mboji. Kazi hii ya dakika 5 imenisaidia kuliko chupa yoyote niliyonunua. Namtuma mwanangu wa miaka saba akirudi chuo cha Kurani, anahesabu majani kwa sauti, na idadi yake inaniambia ugonjwa umefika wapi.

Kupogoa kulinitatiza sana, kwa sababu maelezo mengi yanazungumzia nchi ambazo mwaridi hulala wakati wa baridi. Kwetu haulali. Nimejaribu miezi tofauti na nimesimama hapa: napogoa mara moja kubwa kwa mwaka, nusu ya pili ya Juni, masika yakishakatika na hewa ya kipupwe imeanza. Naondoa tawi lililokufa, tawi linalosuguana na lenzake, na yale yanayoingia katikati, ili kifua cha mti kiwe wazi na upepo upite. Urefu naupunguza kwa theluthi, sizidi hapo, maana majani ndiyo chakula cha mti. Machi sigusi kabisa. Ukipogoa Machi, machipukizi laini yanatoka Aprili, mvua inayakuta, na ugonjwa unayala yangali mekundu.

Kati ya hapo ni kuondoa maua yaliyonyauka tu. Shuka na bua mpaka ukute jani lenye vijani vitano, chagua ambalo jicho lake, pale linapochomoza chipukizi, linaangalia nje, kata nusu sentimita juu ya jicho hilo kwa mshazari ili maji yateleze. Baada ya wiki 6 hivi utakuwa na ua jingine hapo. Futa mkasi kwa spiriti ukihama mti mmoja kwenda mwingine. Na kama mwaridi wako ni wa kubebesha, yaani umeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, chunguza chini ya kile kifundo cha shina. Chipukizi linalotoka chini yake ni la mti mwingine, ling'oe kwa mkono mpaka asili yake, maana likiachwa linaumeza mwaridi wako.

Ukiona unga mweupe kwenye machipukizi, huo ni ubwiriunga, jamaa wa ule unaowasumbua wakulima wa korosho Mtwara na Lindi. Huu hauhitaji jani lililolowa, unapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevu, kwa hiyo kwangu huja kipupwe. Maziwa kikombe kimoja kwa maji vikombe tisa, nyunyiza asubuhi kukiwa na jua, mara moja kwa wiki, yananisaidia ukiwahi mapema. Salfa ya unga ile ya mikorosho inafanya kazi pia, ila usiitumie joto likipita digrii 32, itaunguza majani. Vidukari nawaosha kwa maji ya nguvu asubuhi, wakirudi natumia sabuni ya maji kijiko cha chai kimoja kwa lita moja. Ukiona sisimizi wanapanda shina, wafuate, watakupeleka kwenye vidukari. Utitiri ni wa kaskazi: majani yanapauka na chini yake kuna vumbi linalotembea. Osha upande wa chini wa majani, hiyo asubuhi tu, yakauke.

Dawa ya ukungu ya dukani sijaikataza, niliitumia. Lakini ile ya unga wa manjano wanayokuuzia wengi, mankozebu, ni kinga. Inazuia kijimbegu kisiingie, haiwezi kukitoa kilichokwisha kuingia. Ukisubiri madoa ndipo upulize, umechelewa, na mvua kubwa ikinyesha inaiosha yote. Nikaiacha kwa sababu nyingine pia: mawaridi yangu yanaingia kwenye sinia, kwenye chai, kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vya wanawali. Kama na yako yanagusa mwili au kinywa, usipulize sumu, na usichukue kwa matumizi hayo maua ya kununua, ambayo hukuyakuza wewe na hujui yamepuliziwa nini.

Vile vijiti vitatu vya bibi. Kila kimoja kilikuwa unene wa penseli na urefu wa shubiri, kimekatwa kwenye tawi lililomaliza kuchanua, kina macho manne. Nilitoa majani ya chini, nikaacha mawili juu, nikavichomeka kwenye mchanga mtupu wa mtoni uliooshwa, macho mawili chini na mawili juu, kivulini. Juu yake nikafunika chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Cha kwanza kilioza kwa sababu sikukipa hewa. Vile viwili nikawa nafungua kifuniko kila siku kutoka saa 2 mpaka saa 3 asubuhi, ule mvuke wa ndani ya chupa uondoke, halafu nafunga. Wiki ya tano nikavuta kidogo kwa vidole viwili, vikakataa kutoka. Vilikuwa vimeshika.

Kimoja kiko kwangu, kona ya mashariki, nje ya ukuta. Kingine nilimpelekea mama. Ameuweka mlangoni pake, na maulidi yaliyopita alichuma mwenyewe, alfajiri, sinia nzima.